Kukariri

Nilimkuta kaka yangu darasa la tatu.
Februari, vumbi la likizo bado limelala juu ya madawati
ya shule ya Riacho das Pedras,
naye Genivaldo keshakaa nyuma, magoti yamenyanyua meza,
akaniita kama mwenyeji anavyomwita mgeni:
"Edilene, kaa huku. Hilo lina msumari."

Mwenyeji kweli. Mwaka wake wa tatu pale.
Alijua dirisha lisilofungika,
alijua Mwalimu Zuleide hukohoa mara mbili kabla ya imla,
na hadithi ya kobe na tai ilipoanza
alicheka mapema, peke yake,
kabla mzaha haujafika.

Genivaldo anakariri, walisema watu wazima.
Neno hilo lina milango miwili
na kaka yangu aliingia kwa yote miwili:
alikariri darasa,
akakariri na kitabu.

Mama alipiga hesabu yake: kitabu kimoja, watoto wawili,
bei ya pili ikanunua unga wa muhogo.
Lakini jamaa wa Campina Grande walipouliza,
"Mkubwa yuko darasa la ngapi?"
alijibu, "Ana miaka kumi na miwili,"
akawahi jikoni kutazama maharage
ambayo hayakuwa yanaungua.

Siku moja akaitwa asome.
Akasimama, mrefu kumpita mwalimu, akasoma ukurasa wa kumi na nne
kwa sauti nzuri, na vituo vyake, na pumzi zake,
hata mbuzi wa nje nadhani walisikiliza.
Upepo ukaja kwa lile dirisha, ukafunua ukurasa.
Akaendelea.
Kwenye kitabu sasa palikuwa na treni na daraja,
kinywani mwake kobe alikuwa bado angani.

Mwalimu alituona sote tukiona.
Akageukia ubao, akaandika tarehe,
akaifuta, akaiandika tena.

Sijui nani alikuwa na haki.
Waliomzuia walimzuia miaka mitatu
na kila mwaka wakampakulia sahani ile ile
iliyokwisha kumkataa tumboni.
Hakuna aliyeuliza kinachomkaba.
Lori la maji lilipokuja, yeye ndiye aliyehesabu ndoo za mtaa mzima,
nani kalipa, nani anadaiwa mbili tangu Jumanne,
na hakukosea.
Hilo halikuwa na mstari kwenye ripoti.

Novemba, mtu wa halmashauri akaja kwa pikipiki
na waraka wenye mihuri:
mwaka huu asibaki mtoto nyuma, wote wapande.
Mwalimu Zuleide aliusoma amesimama,
akaukunja, akaukunja,
mpaka ukawa mdogo kama kipande cha sabuni ya wageni.

Orodha ikabandikwa mlangoni.
Majina kumi na tisa, na mbele ya yote kumi na tisa
neno moja, mwandiko mmoja, wino ukififia kuelekea chini.
Mama alichinja kuku aliyekuwa akitaga.
Baba wa ubatizo akaleta soda ya guarana na kofia mpya,
Genivaldo akaivaa hadi usiku,
akapigwa mgongoni hadi akakohoa.

Walipolala akaniamsha.
Alikuwa na ile karatasi, na tochi ya baba.
"Nisomee."
Nikasoma: Genivaldo Ferreira Lins,
mwana wa Maria Auxiliadora,
amepanda darasa la nne.
"Tena."
Nikasoma tena.
Mara ya tatu tulisoma pamoja,
yeye kwa sauti ile nzuri, na vituo vyake, na pumzi zake,
kidole kikifuata mistari chini ya mwanga.

Nilikitazama kile kidole.
Kilikuwa bado kwenye jina la mama.
Mdomo ulikwisha kufika darasa la nne.